Nusu Milimita

Nimeununua kwa mjane mmoja wa Oulu,
msumeno wa meza, mdogo, wa kukunja miguu,
mota yake hulia kama birika lililosahauliwa motoni.
Meza ni bati jembamba. Reli ya kuongozea mbao
ukiikaza mbele, nyuma inajipinda
mithili ya shahidi aliyekwisha kulipwa.

Gereji yetu ya Kemi, Januari,
nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Gundi imekuwa jiwe chupani.
Betri ya kipimio naipasha kwapani
ndipo ikubali kunionyesha tarakimu.

Tauno hapiti mlango huu.
Mwaka wa sita sasa.
Ule wa kwanza, mkubwa kuliko huu,
ulimrudishia ubao wa msonobari tumboni,
na mkono uliokuwa ukisukuma
ukaenda ulikovutwa.
Cha shahada na cha kati.
Nilivitafuta ndani ya unga wa mbao
kwa mikono yangu miwili mizima,
nikavitia katika mfuko wa njegere za friji.
Daktari akatikisa kichwa.
Njegere tulizitupa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo najua.
Vitatu, nimeona, hufunga vifungo vya shati,
hukwangua barafu ya kioo cha gari,
hushindwa na skrubu ndogo tu,
na hapo mwenyewe hutoka nje kuvuta sigara.

Basi nilianza na ulimi:
chuma cha kusimama nyuma ya meno,
kiinuke yakiinuka, kishuke yakishuka,
ufa usipate kufumba na kuuma.
Huu haukuzaliwa nao.
Nikauchonga kwa tupa, jioni nne,
chuma cha milimita mbili, kucha zangu zikawa nyeusi.

Kisha nikang'oa ile reli ya uongo.
Nikafunga pembechuma, boliti nane,
na reli mpya yenye kabari ya mti mgumu:
ukiibana, inakaa. Ukiisukuma, inakaa.
Nikatoa meno ya kiwandani, ishirini na manne, butu,
nikavika diski ya meno arobaini.
Pengo kando yake nikaliziba kwa kibao,
nikawasha, nikauinua msumeno polepole kutoka chini
ukajikatia mlango wake wenyewe,
mwembamba, usiomeza hata kijiti cha kiberiti.

Nyuma, pa kupokelea mbao,
nikalaza mlango wa sauna ya zamani.
Bado unanuka moshi na Jumamosi.

Siku ya kujaribu, nikapima.
Mbele sawa. Nyuma sawa. Nikapima tena.
Ubao wa mwaloni ukaingia vizuri,
ukafika katikati, ukaanza kunung'unika,
alama za kuungua pembeni kama chapati iliyozidi moto.
Nikazima. Nikatukana kwa sauti,
nikidhani niko peke yangu.

"Nyuma inabana."

Alikuwa mlangoni, vikombe viwili vya kahawa,
kimoja amekishika kwa namna yake.
Hakuniangalia. Aliangalia ukuta,
pale waya uliochomolewa unapoonekana.
Kisha akaingia, hatua ndogo ndogo
kama mtu anayepita juu ya ziwa la Aprili,
akaweka mkono wake wa vidole vitatu kwenye reli,
akaupitisha taratibu, mbele hadi mwisho.

"Nusu milimita," alisema. "Labda pungufu."

Kipimio changu kilikuwa kimesema sifuri.
Nikalegeza boliti mbili. Akagonga kwa kiganja, mara moja.
Nikakaza.

Hakuomba kusukuma, nami sikumpa.
Alizunguka, akasimama kwenye mlango wa sauna,
kofia ikiwa imevutwa hadi nyusi,
akatanua mikono yote miwili
juu ya mbao zilizopauka.
"Haya, Hilkka," alisema,
"lete."