Kilomita Sabini za Kokoto

Angani haijavunjika hata moja.
Zote zilivunjikia garini,
kati ya banda letu na uwanja wa kurushia,
kilomita sabini za kokoto
na daraja la mbao linalokohoa.

Mwaka jana Orrin alifungua mlango wa nyuma,
akakuta pezi la ile nyekundu limelala sakafuni
kama jino la mtoto.
Hakusema kitu. Alilitia mfukoni,
akashinda akitazama za wenzake zikipaa.

Basi theluji ilipofunga barabara nikashika msumeno.
Plaiwudi, gundi, skrubu za shaba,
na sifongo ya kuvalisha mabomba yasigande:
niliipasua kwa kisu cha jikoni
ikawa midomo ya kubana bila kuuma.
Rafu ya kwanza niliikosea.
Nilipima kiwiliwili, nikasahau mapezi;
chenye mabawa hakilali chali.
Nikabomoa.

Injini nimezipa kisanduku chao, chenye kufuli,
mbali na Orrin na kiberiti chake.

Jumamosi ya Aprili, pale darajani,
alipunguza mwendo, akatega sikio.
Hakuna kilichogonga.
Akanitazama, kisha akakanyaga mafuta.

Ile nyekundu ilipaa vizuri mno.
Upepo wa Kansas ukaushika mwavuli wake
ukaenda nao juu ya ngano ya kina Voth,
na hatujaiona tena.
Haikuvunjika, nadhani.

Nafasi yake rafuni ingali na umbo lake.
Siku hizi Orrin hulaza humo
chupa ya kahawa.