Jina Ambalo Halikuwa Orodhani

Sabaki ulipoingia Garashi usiku ule
haukubisha hodi.
Ulibeba mbuzi, mahindi ya darini,
viti vinne vya kwaya,
na nyumba ya Kasisi Tsuma nzima,
hata kizingiti.

Siku tisa akaandika,
kalamu ya buluu, kurasa za nyuma za daftari la ubatizo:
Kahindi, watu saba, blanketi mbili.
Nyevu, mjane, unga na sufuria.
Lori la dayosisi likifika kutoka Malindi
yeye ndiye wa kwanza kujitwika gunia,
wa mwisho kunawa.

Jumapili alihubiri kwa kanzu iliyonywea,
tope limemkaukia pindoni.
Hakuna aliyemuuliza analala wapi.
Nasema kweli, hata mimi:
tulidhani kasisi ana mahali.
Kasisi huwa na mahali.

Ni Mbeyu, anayefagia kanisa,
aliyemkuta alfajiri sakristiani
kajikunja juu ya vitambaa vya Kwaresima,
kichwa kwenye kapu la sadaka.
Hakumwamsha. Alichukua daftari
akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la tatu,
herufi zikipanda na kushuka:
Tsuma. Mtu mmoja. Hana kitu.

Jioni tukaja, huyu na fito, huyu na makuti,
na Nyevu na ile sufuria ya msaada,
kaisugua mpaka inametameta.

"Lakini hii ni yako," Tsuma akasema.
"Ilikuwa. Hebu shika upande huo,
uji unaniunguza."