Kifandugu

Daktari Mundhir ananichorea kwa wino wa buluu
nyuma ya karatasi ya miadi:
hapa puru, hapa mfupa wa kifandugu,
na hapa katikati, pasipo hata jina la mtaa,
kifuko.
Umezaliwa nacho, anasema.
Sote tumboni tulikuwa na mkia, siku chache tu,
kisha mkia ukaaga.
Wako uliaga ukasahau kipande cha utumbo.

Miaka arubaini na saba kimelala.
Sasa ukutani mwake umeota uvimbe.
Nadra, anasema, kwa Kiarabu cha taratibu,
kama anayenipa hongera.
Amewahi kuusoma. Hajawahi kuuona.
Huenda ni saratani, huenda siyo;
kitolewe kizima. Kisitobolewe.

Mama ananivuta buibui: Anasemaje?
Nami niliyemtafsiria bili za umeme na hukumu ya mirathi
nakosa neno la kusema mbele ya mwanamume.
Huku nyuma, mama. Pa kukalia.

Kifandugu.
Kumbe jina lenyewe lina tanga ndani:
nani ndugu, na nani kafa?
Mimi mtoto wa pekee
nimemkalia mwenzangu kwenye kila zulia la Ibra,
harusini, hitimani,
kitako upande, mama akinifinya paja:
Zayana, kaa kama watu!

Njia ya kurudi, lami inatetemeka kwa joto.
Mama kimya mpaka tumeipita Bidbid.
Halafu, akiangalia milima:
Mimba yako nilikula udongo.
Nikiagizia Unguja, unakuja ndani ya kopo la maziwa,
najificha jikoni natafuna.
Si udongo, mama.
Basi nini?
Mkia.
Akanitazama. Akatazama kiti nilichokalia.
Tukacheka hata nikaegesha gari penye kituo cha petroli,
yeye machozi, mimi maumivu,
na yule kijana wa pampu akingoja tumwambie lita ngapi.

Jumapili watanipasua.
Usiku huu namalizia kofia ya watu,
nimesimama, kazi nimeiweka juu ya friza,
kitundu baada ya kitundu,
kila kimoja nakizungushia uzi
kisitanuke.
Mama anakuja na birika la kahawa, vikombe viwili.
Kaa kita...
anasema, anakatiza.
Anamimina.
Anasimama nami.