Kifumbu cha Chuma

Saa nane usiku, kiwandani, Barabara ya Pugu,
geji ilisoma tatu na bomba likatoa tone, likafikiri, likatoa tone.
Udongo mweupe wa vilimani, laini kuliko poda ya mtoto,
uling'ang'ania maji yake
kama mdaiwa na noti ya mwisho.

Mchanga hauna shida: umwage, ugeuke, umekauka.
Lakini chembe hizi, ukizipanga elfu
hazifiki upana wa ukucha,
na kila moja imejivika maji, inayaona nguo.
Jioni tulizitia dawa zishikane, zizame.
Zikashikana, zikazama.
Juu maji yakatulia kama kioo;
chini likabaki tope lisilotaka kuwa udongo.

Injinia Mlelwa akasema, "Ongeza presha, Sikudhani."
Nikaongeza hadi saba. Pampu ikaguna,
sahani thelathini zikalia, vitambaa vikaziba.
Hata lile tone likakoma.

Hapo nikamkumbuka mama, Chanika, na kifumbu cha ukili,
mimi nikikamua nazi kwa pupa, nataka nikacheze rede.
"Taratibu, we mtoto! Ukilikaba linajifunga.
Liache tui lijitafutie njia, ndipo ukaze."

Nikazima. Nikafungua sahani moja moja,
nikakwangua, nikaosha vitambaa kwa mpira,
nikaanza upya: nusu, moja, moja na nusu,
kama anayemlisha mgonjwa uji.
Injinia akatazama saa yake. Hakusema kitu.

Saa kumi na robo bomba likakohoa.
Yakaja meupe, tui la kwanza,
kisha meupe ya kuambiwa,
kisha maji, maji hasa, unaona kidole chako ng'ambo ya glasi.

Alfajiri sahani zikaachana, mikate ikadondoka
po, po, kwenye toroli.
Nikamega kipande, nikakipima, nikakioka digrii mia na tano,
nikakipima tena. Kilichopungua ndiyo maji:
ishirini na nane kwa mia. Nikaandika daftarini.
Yaliyokamuliwa yakarudi tangini kuosha udongo wa leo.
Kwetu sisi, yakimwagika huzoleka.

Nikavua gambuti, nikarudi Gongo la Mboto,
ambako bomba la uani halijakohoa tangu Jumanne.
Nikapanga foleni na madumu mawili, kucha nyeupe,
mia tano kila dumu,
na mwenye kisima akaniuliza, hivi wewe
usiku kucha huwa unafanya kazi gani?

Nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka.