Kushuka ni Paja

Kupanda ni pumzi, kushuka ni paja:
ndivyo walivyosema wapagazi wa Rwenzori
wakiteremka Nyakalengija na mizigo ya wageni,
mahema, sufuria, viatu vya mpira vyenye tope la juu,
nami nilidhani ni majigambo ya wanaume
mpaka Thembo aliporudi kwenye machela.

Mimi ni fundi cherehani, Kilembe, nyuma ya soko.
Mwili naujua kwa futi:
kiuno, nyonga, urefu wa mguu, basi.
Paja hulizungushia utepe upesi,
kwa adabu, macho yangu ukutani.
La mume wangu nililitazama.

Kulia, hamsini na sita.
Kushoto, hamsini na moja.
Nikapima tena, nikidhani utepe umevutika kwa uzee.

Biira wa hospitali, binti mwenye mikono baridi,
alilibonyeza kama abonyezaye parachichi sokoni.
"Ni minne," akasema, "ila huonekana mmoja.
Huyu mrefu anatoka nyonga, anavuka maungo mawili.
Huyu wa nje. Huyu wa ndani.
Na wa nne kalala chini yao,
hakuna amwonaye, kazi anaifanya.
Wote wanakutana hapa, kwenye pia ya goti,
wameshika kamba moja."
Ndugu wanne, kamba moja, na hawagombani?
Katika ukoo wetu sijaona.

Tukakunja kitenge, tukakitia chini ya goti.
Kandamiza. Hesabu kumi. Legeza.
Thembo, aliyefikisha kilo ishirini na tano kwenye theluji,
akatokwa jasho kwa kukandamiza kitenge.
Akanitukana mimi. Akamtukana Biira. Akakitukana kitenge.
Siku ya tisa alilia,
nami nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Kisha Jumanne moja, mvua ikipiga mabati,
yule wa ndani, pale juu ya goti,
akashtuka. Kidogo tu,
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
"Umeona?"
"Nimeona."
Maharage yakaungua.

Leo ni hamsini na tatu.
Sijui kama mlima utamwita tena,
wala kama ataitika.
Suruali ya Krismasi nimekwisha kuishona,
mguu wa kushoto nimeukata sawa na wa kulia.
Anaucheka unavyompwaya.
Vaa hivyohivyo, namwambia.
Kitambaa nimekitanguliza,
nyama itafuata.