Kipande

Kompyuta ya Singano ilitoka mnadani,
siku ofisi ya shamba la mkonge ilipouzwa hadi bawaba:
mizani, makabati, taipureta isiyo na herufi R,
na sanduku hili lenye rangi ya meno ya mla tumbaku.
Ndani yake karani mmoja alisahau mchezo.
Ngamiani, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja,
hapakuwa na mtoto asiyejua njia ya kwa Singano.
Nusu saa shilingi mia. Foleni mpaka kwenye karo la jirani.

Mchezo wenyewe ulianza na giza.
Ramani nyeusi kama tako la sufuria ya makande,
katikati kiduara cha nuru, nyumba moja,
vibarua wanne.
Ukimgusa kibarua anaitika kwa sauti ya puani,
Kiingereza ambacho Mhina alitutafsiria: "Niamuru, bwana."
Mtume mgodini, atatoka na kiroba cha dhahabu.
Mtume msituni, atakata, atabeba, atarudi, atakata,
hata usipomtazama anakata.
Wewe jenga. Ghala, kambi, mnara wa mchawi,
maana ng'ambo ya ukungu mazimwi nao wanajenga,
na zimwi halina subira.

Nilikuwa hodari, niseme tu.
Mwantumu alinizidi kwa mishale, Mhina kwa vitisho,
lakini vibarua wangu hawakuwahi kusimama.
Ishirini, thelathini, mstari kama siafu,
niamuru bwana, niamuru bwana,
mpaka Singano akazima spika.

Jumamosi moja baba akaja.
Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa tangu asubuhi.
Akaokota kidumu kitupu miguuni pangu, akasimama nyuma yangu.
Nikakaza shingo, nikangoja kofi.
Kofi halikuja.

"Hawa ni wa nani?"
"Wangu, baba."
"Wanalipwa lini?"
"Hawalipwi."
"Vipande wanavyo?"
Wenzangu wakacheka; kipande gani tena?
Yeye hakucheka.
Ntahondi, mtu wa Kasulu,
aliyeletwa huku kwa lori na namba shingoni,
siku thelathini za kukata ndipo kadi ijae, na kadi haikujaa
mvua, homa, mnyapara kaamka vibaya.

"Sogea."
Kidole chake cha shahada kilibaki kwenye korona,
akabofya kwa cha kati.
Kibarua mmoja akaacha shoka hewani.
"Magharibi ni wapi?"
"Kushoto."
Akamtuma kushoto.

Giza likawa linafunguka hatua kwa hatua.
Mto. Daraja la mawe. Kondoo watatu
ambao hakuna aliyewahi kuwaona, miezi yote ile.
Nyuma yetu baragumu ikalia.
"Baba, tumeingiliwa! Mazimwi!"
"Ngoja kwanza. Yuko njiani."
Ghala likawaka. Kambi ikawaka.
Mnara wangu, dhahabu mia nane, chini.
Nusura nilie mbele ya Mwantumu,
naye hata hakunitazama, ameinama kwenye kioo:
"Mzee, mzungushe hapo kwenye miamba, kuna upenyo."

Akapita kwenye upenyo.
Akatembea mpaka akasimama.
"Niamuru, bwana."
Baba akabofya. Akabofya tena, juu ya fremu ya plastiki.
"Mbona haendi?"
"Ramani imeishia hapo, baba."
Akapima kwa jicho, kutoka nyumba inayoungua hadi yule mtu.
"Imeishia Tabora," akasema.

Umeme ukakatika.
Kioo kikajikunja kuwa nukta, nukta ikafa.
Zilibaki dakika nane; Singano hakurudisha hata thumuni.

Tukaenda kununua mafuta, yeye mbele na kidumu.
Barabara ya nane, pale kwa fundi baiskeli, akageuka:
"Yule, kesho mkiwasha, mtamkuta pale pale?"
Nikasema ndiyo.

Kesho yake sikwenda.
Keshokutwa nilikwenda, nikakuta wanne,
nyumba moja, giza pande zote,
na Mhina ananisukuma begani, anza basi, hela inakwenda.