Kuupa Moto Mgongo

Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Nimezaliwa kivulini mwa kilima
kilichomwagwa na watu: taka za shaba, behewa kwa behewa,
nyeusi tititi, na kando yake bomba la moshi
lililosimama kama kiapo.
Miaka kumi na tisa nimekaa mbele ya tanuri.
Najua shaba inavyoona haya kabla haijayeyuka.
Kwa hiyo Kavira, shemeji yangu wa Goma, aliponiambia,
"Ukija huku utapanda mlima uone moto,"
nilicheka. Moto? Mimi?

Tulianzia Kibati asubuhi, umande ungali kwenye viazi.
Byamungu alibeba makala, ndoo, maharage,
blanketi langu, mkate wangu, na maswali yangu.
Njia ilikuwa mawe yanayolia kama vigae vya chungu.
Kila nilipouliza, "Bado?" alijibu, "Karibu,"
na karibu yake ilikuwa na miguu mirefu kuliko yangu.
Kituo cha tatu mvua ikatukuta, ikatupekua mifukoni
kama askari wa kizuizini.
Cha nne, miti iliacha kutufuata.
Nikahesabu pumzi. Nikapoteza hesabu.

Juu, nilitambaa kwa tumbo hadi ukingoni,
mtoto anayechungulia sufuria isiyo ya kwao.

Sijui niseme nini.
Nilikuja na kipimo changu, kile cha tanuri. Kilivunjika.
Kule chini ziwa halikuwa linawaka, lilikuwa linafikiri.
Ngozi nyeusi ilitanda, ikapasuka,
ikashonwa kwa uzi mwekundu, ikafumuka tena.
Na sauti yake si ngurumo,
ni ile ya Kivu inapopiga ukuta usiku,
ila ziwa hili linakunywa mawe.
Tanuri letu lina mlango. Lina zamu, lina king'ora,
lina mhandisi wa kulizima.
Hili halina mtu wa kuliambia basi.
Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Nilipogeuka kumwita Byamungu
nilimkuta amekaa, ameupa moto mgongo,
anapuliza makala chini ya maharage.
"Njoo uangalie!"
"Nilishauangalia. Ulikuja kwetu mwaka wa elfu mbili na mbili.
Haukubisha hodi."
Akaninyooshea mwiko upande wa pili, gizani kule chini:
Goma, punje za taa kama mtama uliomwagika
mpaka kwenye maji.
"Mimi huangalia ile. Pale, kushoto kwa uwanja wa ndege.
Ikifika saa mbili mke wangu anawasha tochi mara tatu,
na mimi namjibu mara tatu."

Tukangoja.
Taa zilikuwa nyingi mno, sikujua ipi ni ya nani.
Akatoa tochi yake. Akawasha, akazima. Akawasha, akazima. Akawasha.
"Umeiona yake?"
"Hapana. Toka hapa haionekani,"
akasema, akakoroga maharage.

Usiku sikulala. Wekundu ulikuwa unapita
kwenye tundu la msumari, unatembea
juu ya blanketi, juu ya mkono wangu, juu ya uso wa Byamungu
ambaye alikoroma kama mtu aliyelipa madeni yake yote.

Nilishuka magoti yakitafuta ngazi
hata palipokuwa tambarare.
Kwa Kavira ukuta ni jiwe jeusi, choo ni jiwe jeusi,
watoto wanaanika nguo juu ya jiwe jeusi.
"Haya, umeuona?"
"Nimeuona."
Alinisubiri niendelee. Sikuendelea.
Akagonga figa moja kwa ncha ya kijiko, taratibu,
kama mtu anayemwamsha mgeni:
"Mwanawe huyu hapa. Sisi anatupikia sombe."

Nililigusa kabla ya kufikiri,
mimi, mtu wa tanuri,
nikaungua kidole.